Mkato katika Kiingereza: alama ndogo inayogusa daftari la mtoto na mfuko wa mama



Juma hili tunazungumza juu ya alama ndogo sana: mkato. Watoto wetu wanaiita "virgule", kwa sababu wanakutana nayo kwanza katika Kifaransa. Wengine watasema hayo ni mambo ya walimu na kalamu yao nyekundu. Lakini hapa Lubumbashi mkato hauko shuleni tu. Uko katika fakture ya unga, uko katika daftari la likelemba, uko katika ujumbe ambao mama anamtumia muuzaji wa Kitwe au Ndola kwa simu. Ukiwekwa vibaya unaweza kula makuta ya familia.

Sababu yake ni mahali tunapokaa. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90 tu, na ukivuka mpaka unaingia katika nchi inayoandika Kiingereza. Unga wa bukari, sukari, sabuni, vifaranga, mbegu: vitu vingi vya nyumba zetu vinapita huko. Hata mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam inapita Tunduma na Nakonde, inakata Zambia, ndipo inafika Kasumbalesa. Na tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza kinatumika sana katika maofisi na biashara. Kwa hiyo hata mama ambaye hakusoma Kiingereza shuleni anakutana nacho kwenye karatasi.

Jambo ninalotaka tushike leo ni moja: mkato una sura moja katika lugha zote hizi, lakini kazi yake inabadilika. Ukiandika Kiingereza, mpe mkato kazi ya Kiingereza, wala si ile ya Kifaransa au ya Kiswahili.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo makuta yanapotea

Sisi tulisomeshwa hesabu kwa mtindo wa Wabelgiji. Katika mtindo huo mkato unatenga namba nzima na vipande vyake. Mtoto wetu akiandika 1,5 anasoma "moja na nusu". Na tukitaka kutenga maelfu tunaacha nafasi au tunaweka nukta: 25 000 FC, au 25.000 FC. Ndivyo tunavyoandika bei kila siku sokoni, na hakuna anayekosea.

Zambia ilitawaliwa na Waingereza mpaka tarehe 24 Oktoba 1964, na shule zake zilifuata mtindo wa Waingereza, ambao ni kinyume kabisa. Kwao mkato unatenga maelfu, na nukta inatenga vipande. Wakiandika K1,250.50 wanasema kwacha elfu moja mia mbili na hamsini, na ngwee hamsini. Tanzania na Kenya wanafanya vilevile, hata wanapoandika Kiswahili. Fakture ya Dar es Salaam inaweza kuwa kwa Kiswahili safi tunachokielewa neno kwa neno, lakini mikato yake ikawa ya Kiingereza.

Sasa angalia hatari. Mama wa Katuba anataka tani moja na nusu ya mahindi, anaandika "1,500 tonnes" kama alivyozoea. Muuzaji wa Zambia anasoma tani elfu moja na mia tano. Huyo pengine atacheka na kuuliza tena, kwa sababu hesabu ni kubwa mno. Lakini si kila kosa linachekesha hivyo. Mama mwingine anaandika kwamba atalipa "2.500 kwacha", kwa kuwa ndivyo anavyoandika franka zake. Yeye anafikiri elfu mbili na mia tano. Mwenzake anasoma kwacha mbili na ngwee hamsini. Wakifika kwenye kulipana, kila mmoja ana karatasi mkononi, na kila mmoja anaona mwenzake ni mwongo.

Kuna njia nne za kujilinda, na hazihitaji mtu awe amesoma sana.

Kwanza, hesabu tarakimu zilizo nyuma ya alama. Kama ni moja au mbili, kama vile 1,5 au 12.75, hiyo ni alama ya vipande, haiwezi kuwa ya maelfu. Kama ni tatu kamili, kama 1,500 au 2.500, simama hapo. Hiyo ndiyo namba yenye sura mbili. Uliza kabla ya kulipa.

Pili, katika maelfu acha nafasi tu, usiweke alama yoyote: 1 500. Huu si mtindo wangu mwenyewe. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo, mwaka 2003, ulisema kwamba alama ya vipande inaweza kuwa nukta au mkato, lakini makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tu, bila nukta wala mkato. Mtu wa Kasumbalesa na mtu wa Chililabombwe wote wawili watasoma 1 500 kwa namna moja.

Tatu, andika kiasi kwa maneno pia. "One thousand five hundred kwacha" haina sura mbili. Ndiyo maana hundi ya benki inadai tarakimu na maneno pamoja.

Nne, katika daftari la likelemba kubalianeni mtindo mmoja, na uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Kalkuleta ya simu mara nyingi inaonyesha nukta mahali ambapo sisi tunaandika mkato, na mwandishi wa kikundi anaweza kunakili bila kufikiri. Wanachama wakijua mtindo wa daftari lao, kosa litaonekana mapema.

Neno moja juu ya dawa, kwa kuwa sisi ni wamama. Chupa ya dawa ya maji iliyoandikwa Kiingereza itasema 2.5 ml. Karatasi ya Kifaransa itasema 2,5 ml. Ni kipimo kilekile: mbili na nusu. Lakini alama ikifutika, au mwandiko ukiwa mbaya, inakuwa 25, yaani mara kumi zaidi. Ukiona shaka kidogo, rudi kwa muuguzi akuonyeshe kwenye sindano au kijiko cha kupimia kabla mtoto hajanywa.

Sasa mkato ndani ya sentensi

Neno koma, wanalolitumia wenzetu wa Kenya na Tanzania pamoja na mkato, linatoka katika Kigiriki, na maana yake ni kipande kilichokatwa. Kiswahili kimesema vilevile: mkato, kutoka kukata. Kumbuka hilo unapomsaidia mtoto. Mkato unakata sentensi katika vipande ili msomaji ajue nini kinakaa na nini.

Wengi tuliambiwa: "Weka mkato pale unapopumua." Shauri hilo linasaidia wakati wa kusoma kwa sauti, lakini katika kuandika linadanganya. Mtu mwenye kifua kizito angeandika mikato mingi kuliko mwenzake! Tuangalie kazi zenyewe.

Kazi ya kwanza: kumwita mtu

Katika Kiingereza, jina la mtu unayemwita linatengwa kwa mkato. Tazama:

"Let us eat, Mama."
"Let us eat Mama."

Ya kwanza inamwambia mama: tule. Ya pili inasema tumle mama! Katika Kiswahili hatuwezi kuchanganya hivyo kwa urahisi, kwa sababu kitendo chenyewe kinatulinda. Tukisema "tule", hakuna mtu anayeliwa. Ili mtu aliwe lazima tuweke -m-: "tumle". Kiingereza hakina hiyo -m-. Kazi ambayo sisi tunaifanya kwa herufi moja ndani ya kitendo, wao wanaifanya kwa mkato. Ndiyo maana mtoto wetu anausahau: katika lugha yake hakuuhitaji sana.

Kwa hiyo katika barua na ujumbe: "Good morning, Madam." "Thank you, Teacher." "Yes, my sister."

Kazi ya pili: kupanga vitu

Hii tunaijua: "rice, beans, salt and oil". Mkato unakaa kati ya vitu, na kabla ya "and" ya mwisho unaweza kuuacha. Kifaransa kwa kawaida hakiweki mkato kabla ya "et" ya mwisho katika orodha kama hii, na Waingereza wengi nao wanauacha. Lakini mara nyingine ukiuacha, vitu viwili vinashikana. Soma hii:

"I thank my sisters, the teacher and the nurse."

Ni watu wangapi wanaoshukuriwa? Pengine dada zangu ni wawili tu, mmoja mwalimu, mwingine muuguzi. Pengine ni dada zangu wote, pamoja na mwalimu, pamoja na muuguzi. Ukiandika "my sisters, the teacher, and the nurse", msomaji anaona makundi matatu. Basi mfundishe mtoto: kama kuna shaka, weka mkato kabla ya "and" au "or".

Usifikiri ni jambo la kitoto. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo mfanyakazi wake halipwi zaidi kwa saa za ziada. Orodha hiyo ilimalizika kwa maneno "packing for shipment or distribution", na hapakuwa na mkato kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walisema: hapo sheria inataja kazi moja, kufunga mizigo, na sisi hatufungi, sisi tunapeleka. Kampuni ikasema kazi ni mbili, kufunga na kupeleka. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba sheria haieleweki wazi, ikaisoma kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kesi ilimalizika kwa mapatano ya dola milioni 5. Mkato mmoja tu ungewekwa pale, madereva wasingekuwa na neno la kushika.

Kazi ya tatu: kuongeza habari pembeni

Hii inahusu familia moja kwa moja. Soma sentensi mbili:

"My son who lives in Ndola is ill."
"My son, who lives in Ndola, is ill."

Ya kwanza, bila mikato, inasema: nina watoto wanaume kadhaa, na mgonjwa ni yule anayekaa Ndola, si wengine. Ya pili, yenye mikato miwili, inasema: nina mtoto mwanaume mmoja, ni mgonjwa, na kwa kuongeza ujue kwamba anakaa Ndola. Mikato miwili ni kama mikono miwili inayobeba habari ya pembeni. Ukiinyanyua habari hiyo na kuiondoa, sentensi inabaki nzima: "My son is ill."

Ndiyo maana ukifungua mkato wa namna hiyo katikati ya sentensi, lazima uufunge. Mmoja peke yake unaacha mlango wazi.

Habari njema ni kwamba Kifaransa kinafanya hivyohivyo. Kama mtoto ameshaelewa tofauti hiyo katika somo la Kifaransa, mkumbushe tu. Hana haja ya kujifunza upya.

Kazi ya nne: kutenga mwanzo

Sentensi ikianza na "when", "if", "while" au "because", weka mkato pale kipande hicho kinapoisha, kabla ya habari kubwa:

"When the lorry arrives, call me."

Ukigeuza, mkato kwa kawaida hauhitajiki: "Call me when the lorry arrives."

Ukitaka kumwonyesha mtoto kwa nini mkato huo una maana, mpe hii bila mkato: "While we were eating the children came home." Akisoma haraka, mpaka nusu ya njia atafikiri tulikuwa tunakula watoto. Mwekee mkato baada ya "eating", atacheka, na hatasahau.

Mahali ambapo mkato hautoshi

Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi wanapoteza pointi, na kosa linatoka katika uzuri wa lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili tunasema: "Lori lilifika, tukashusha mifuko." Ni sentensi nzuri. Ile -ka- katika "tukashusha" inafunga kitendo cha pili kwa cha kwanza, na mkato unatosha kabisa. Kifaransa nacho kinavumilia kuunganisha habari mbili kwa mkato tu.

Kiingereza hakina -ka-. Mtoto akiandika "The lorry arrived, we unloaded the bags", mwalimu wa Kiingereza atamhesabia kosa, kwa sababu hizo ni sentensi mbili kamili zilizofungwa kwa uzi mwembamba mno. Kuna dawa mbili rahisi:

"The lorry arrived, and we unloaded the bags."
"The lorry arrived. We unloaded the bags."

Aidha unaweka kiungo kama "and", "but" au "so" pamoja na mkato, ama unaweka nukta na kuanza upya kwa herufi kubwa. Mtoto akiwa na shaka, achague nukta. Sentensi fupi mbili zilizo sahihi ni bora kuliko moja ndefu iliyovunjika.

Mahali ambapo mkato hautakiwi

Usikate mwenye kutenda na kitendo chake. "The women of our association, sell flour" ni kosa, hata kama ulipumua baada ya "association". Wanawake ndio wanaouza; usiweke ukuta kati yao na kazi yao.

Usiweke mkato kabla ya "that" katika sentensi kama "I think that the price is good." Katika Kiswahili wengine wanaandika "Nafikiri, kwamba", hata huko hakuna haja.

Mama ambaye hajui Kiingereza anaweza kusaidia namna gani?

Anaweza sana. Mtoto akimaliza zoezi lake la Kiingereza, mwambie akae karibu nawe na daftari lake. Weka kidole kwenye kila mkato, umuulize: "Huu unafanya kazi gani hapa?" Anapaswa kujibu kwa Kiswahili: unamwita mtu, unapanga vitu, unabeba habari ya pembeni, unatenga mwanzo, au unasimama kabla ya kiungo kama "and". Kama hana jibu, pengine mkato huo haupaswi kuwepo. Wewe huhitaji kujua neno hata moja la Kiingereza ili kuuliza swali hilo, na mtoto anayelazimika kueleza anajifunza kuliko yule anayesahihishwa tu.

Kwa vikundi vinavyoagiza bidhaa upande wa pili: kabla ujumbe haujatumwa, watu wawili wausome. Mmoja aangalie maneno, mwingine aangalie namba tu. Namba yoyote yenye alama na tarakimu tatu nyuma yake iandikwe tena kwa nafasi au kwa maneno.

Zoezi la juma

Wekeni mikato inayokosekana, mama na mtoto pamoja:

1. "Please bring salt oil beans and soap."
2. "If the road is bad call us."
3. "Thank you Mama for the flour."
4. "The price was high we did not buy."

Na namba moja: mwenzetu wa Kitwe ameandika "1,200 kg" za unga katika mifuko ya kilo 25. Atatuma mifuko mingapi?

Majibu: katika ya kwanza, mkato baada ya "salt" na baada ya "oil", baada ya "beans" si lazima. Ya pili, baada ya "bad". Ya tatu, mikato miwili, mmoja kabla ya "Mama" na mmoja baada yake. Ya nne, mkato peke yake hautoshi: "The price was high, so we did not buy." Na mifuko ni 48, kwa sababu kwa mwenzetu huyo 1,200 ni elfu moja na mia mbili.

Atakayeona katika fakture yake namba yenye sura mbili, ailete kwenye mkutano wa kikundi chake. Tutaisoma pamoja kabla makuta hayajatoka.